Taa Tatu, Taa Mbili

Jumamosi anakuja mnunuzi kutoka Vienna.
Nimefungua banda tangu alfajiri
ili baridi ya Moravia itoke kidogo
na harufu ya petroli iliyolala ipate pa kwenda.

Magari yako mawili, yamepeana mgongo.

Tatra ya mwaka thelathini na tisa:
nyeusi, ndefu, imeteremka nyuma kama tone la wino
lisiloamua kudondoka,
na mgongoni pezi, pezi la samaki
aliyepotea akajikuta Litovel, mbali na bahari zote.
Taa tatu mbele. Ile ya katikati, alisema babu,
ni ya kumtazama mtu anayesema uongo.

Škoda ya mwaka sitini na sita:
rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha,
taa mbili za mshangao,
na mlango wa kushoto haufunguki mpaka uuinue kidogo,
unavyomwinua mtoto aliyelala.

Yote mawili yana moyo nyuma. Undugu wao unaishia hapo.
Moyo wa Tatra ni silinda nane, hupozwa kwa hewa tupu.
Wa Škoda ni nne na zinataka maji,
usipozipa zinachemka mlimani, hadharani,
mbele ya watu wanaokujua.

Nimeyapima kwa hatua.
Tatra inaizidi mwenzake hatua moja, fupi.
Nilidhani ni zaidi.
Utotoni ilikuwa zaidi.

Babu Oldřich alikuwa dereva wa Daktari Zapletal.
Alijua kona zote za kwenda Olomouc,
na ipi, mvua ikinyesha,
mkia wa Tatra hutaka kutangulia kichwa.
Daktari aliondoka nchini na begi moja.
Babu akalifukia gari kwa majani makavu miaka kumi na mmoja,
na afisa aliyekuja kuuliza
akarudi na nusu nguruwe na macho mabovu.

Bibi Květa hakuwahi kukalia kiti chake cha mbele.
Aliliosha tu. Kila Pasaka, jicho, jicho, jicho.

Mama alingoja Škoda miaka minne kwenye orodha.
Akafuma kitani kiwandani, akanizaa, akafuma tena.
Aliomba buluu. Wakamletea hii.
"Buluu iko angani," akasema, akatia sahihi.

Ndani yake zimepita
gunia za viazi, mti wa Krismasi umetoa kilele dirishani,
mbwa aliyetapika karibu na Prostějov
(siku za joto bado anasikika),
na bibi, safari yake ya hospitali,
magoti yamegusa kidevu, anacheka:
"Humu angalau nashuka mwenyewe."
Hakushuka mwenyewe.

Kaka yangu Ctibor amepiga simu toka Brno.
Paa linavuja, anasema, kana kwamba ndoo si zangu.
Uza kubwa. Ndogo mpe wa vyuma chakavu.

Jumamosi.
Bwana Leutgeb ana glovu na tochi ya kalamu.
Amelala chini ya Tatra nusu saa, kimya, kama mtu kanisani.
Mara ya tatu injini ikashika,
na vumbi la miaka likashuka toka kwenye boriti
likatutia mvi sote wawili.
Akahesabu noti juu ya boneti ya Škoda,
maana ndiyo iliyokuwa karibu.

"Na hii?" akauliza, kwa adabu.
Hakuna aliyewahi kuuliza. Bei sikuwa nayo.
"Betri yake mbovu," nikamwambia,
jambo la kweli, ila si jibu.

Wakaipandisha Tatra kwenye lori kinyumenyume,
uso wake ukanielekea.
Bwana Leutgeb akaniuliza kama nitaikumbuka sana.
Hapana, nikasema, nafasi nilikuwa naihitaji,
na taa ya katikati
ikanitazama mpaka kona ya kinu.